Maumivu bila damu: kisa cha kizazi kilichoshikana na swali la seli shina

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa idhini ya mwenyewe. Kijiji, umri kamili na tarehe vimeondolewa au kubadilishwa, na vituo vya afya havitajwi. Mgonjwa namwita Bi M. Nimewaandikia wauguzi, wakunga na maafisa wa kliniki wa Pwani, pamoja na wanawake wanaotumiwa matangazo ya tiba ya seli shina kwenye simu zao wakawa hawana wa kumuuliza.

Usuli

Bi M. ni mke wa seremala katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Lamu. Alimzaa mtoto wake wa kwanza akiwa hajatimiza miaka thelathini, kwa njia ya kawaida, na uchungu wake haukuwa na matatizo. Matatizo yalikuja baadaye, kwa sababu kipande cha kondo la nyuma kilibaki ndani. Damu inayotarajiwa kupungua kadiri arobaini inavyosonga ikawa inazidi, na katika wiki ya tatu akavushwa kwa mashua hadi Mokowe, akapelekwa kituo cha afya bara. Huko akasafishwa kizazi kwa kukwanguliwa na kijiko cha chuma. Damu ikakatika siku hiyo hiyo, naye akarudi nyumbani kumalizia arobaini yake.

Kile kipande kilikuwa lazima kitoke. Mwanamke anayevuja damu namna ile anaweza kufa njiani, na sitaki msomaji aanze kwa kumlaumu aliyeshika kijiko usiku ule.

Yaliyotokea

Hedhi haikurudi. Kwa karibu miaka miwili hakuna aliyeshtuka, maana mtoto alikuwa ananyonya, na wanawake wengi hukaa muda mrefu bila kuona siku zao wakiwa wananyonyesha. Aliyeanza kutia shaka ni mavyaa wake. Aliona mkazamwana wake anaswali mwezi mzima, mwezi baada ya mwezi, na Ramadhani ya mwaka huo ameifunga yote bila kubaki na deni hata la siku moja, ilhali mtoto ameshaachishwa ziwa. Akamwambia, "Mwanangu, huu si uchaji Mungu, huu ni ugonjwa. Nenda hospitali."

Kulikuwa na jambo la pili ambalo Bi M. hakulitoa haraka. Kila baada ya wiki nne hivi alishikwa na maumivu chini ya kitovu, yakakaa siku mbili tatu, kisha yakapotea. Shangazi zake walisema ni chango, wakamchemshia dawa za miti. Kituo cha kwanza alichokwenda kilimpima mimba, kikakuta hana, kikampa vidonge vya kupanga uzazi ili mzunguko urudi. Alivimeza miezi kadhaa. Mwanamke akimaliza pakiti ya vidonge vile kwa kawaida hutokwa na damu. Yeye hakuona hata tone. Kituo cha pili kilimwambia huenda amekoma hedhi mapema, na akubali majaliwa yake. Kuhusu maumivu, hakuna aliyeandika chochote kwenye kadi.

Alifika kwetu Malindi baada ya mashua, basi la alfajiri kutoka Mokowe, na njia ndefu ya Witu na Garsen. Alikuwa na bahasha ya vipimo, na vipimo vile vilikuwa vizuri kuliko maelezo aliyopewa. Homoni zilionyesha ovari zinafanya kazi sawasawa, na aliyekoma hedhi hawezi kuwa na majibu kama yale. Ultrasaundi ilionyesha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi ukiwa mstari mwembamba uliokatikakatika, na juu kushoto kifuko kidogo cheusi chenye majimaji. Tukamfanyia eksirei ya kuingiza dawa kupitia mlango wa kizazi. Dawa ilijaza sehemu ndogo ya chini, ikagota.

Hali hii ilielezwa kwanza na Heinrich Fritsch mwaka 1894, kisha kwa kina na Joseph Asherman mwaka 1948, na jina la Asherman ndilo lililobaki. Kuta mbili za mfuko wa uzazi, zikishakwanguliwa hadi kwenye nyama, hugusana zikapona pamoja kwa kovu. Nafasi iliyokuwa kati yake hutoweka, yote au sehemu.

Kiungo kinachojiotesha

Ili uamuzi uliofuata ueleweke, lazima tuseme kidogo jinsi mfuko wa uzazi unavyojitengeneza.

Utando wake wa ndani una tabaka mbili. Ya juu ndiyo inayonenepa, na mimba isipotunga huporomoka ikawa hedhi. Ya chini, iliyoshikamana na msuli, haitoki. Kutokana nayo uso mzima hufunikwa tena ndani ya siku chache, kisha utando huinuka kutoka milimita moja hivi hadi 7 au zaidi kabla ya yai kutoka. Kazi hiyo hurudiwa mara mia kadhaa katika maisha ya mwanamke, bila kuacha kovu. Ngozi ikikatwa huacha alama. Utando huu humwaga damu kila mwezi na hauachi alama.

Kwa muda mrefu wanasayansi walidhani lazima kuna seli shina katika tabaka ya chini, yaani seli zinazoweza kujizidisha na kuzaa seli za aina nyingine. Mwaka 2004 kundi la Caroline Gargett nchini Australia lilichukua utando wa wanawake, likatenganisha seli moja moja na kuangalia ni zipi zinaweza kuanzisha koloni, yaani kundi jipya la seli. Zilikuwa chache mno: asilimia 0.22 ya seli za uso na asilimia 1.25 ya seli za nyama inayoubeba uso huo. Ukikata mgomba, chipukizi hutoka chini. Uking'oa na kisiki chake, hapaoti kitu. Kijiko cha chuma kinaweza kufika kwenye kisiki, na wiki ya tatu baada ya kuzaa ni kati ya nyakati mbaya zaidi: ukuta ungali laini, na mama anayenyonyesha ana estrojeni kidogo, homoni ile ile inayouamuru utando uote tena.

Mwaka huo huo wa 2004 Hugh Taylor wa Chuo Kikuu cha Yale alichapisha jambo lililoanzisha hamu yote tunayoiona leo. Alichunguza wanawake wanne waliokuwa wamepandikizwa uboho wa mifupa kutoka kwa watu wengine, akakuta seli zenye alama za wafadhili ndani ya utando wao wa uzazi, kwa wengine kidogo sana, kwa mmoja karibu nusu. Watu wakafikia hitimisho rahisi: basi uboho unaweza kukiotesha kizazi kilichoharibika.

Hapo ndipo wasomaji wengi huishia, na wauzaji pia. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Australia walirudia swali hilo kwa panya, wakitumia njia kali zaidi za kutofautisha seli, wakakuta kwamba seli za uboho zilizoonekana kama za utando zilikuwa za kinga ya mwili zilizojipenyeza humo. Wengi sasa wanaona kwamba seli za uboho, zikisaidia, husaidia zaidi kwa kutoa kemikali zinazoamsha mishipa ya damu na seli zilizopo, kuliko kwa kugeuka zenyewe kuwa utando. Kwa mgonjwa tofauti hii ni kubwa. Kinachoamshwa lazima kiwepo.

Tangazo

Tulipokuwa tunampangia Bi M. upasuaji, kaka yake anayefanya kazi Ghuba alimtumia kiungo cha kliniki moja ya nje. Ilidai kutoa seli shina kwenye mafuta ya tumbo la mgonjwa na kumrudishia kwa dripu, "kufufua kizazi". Bei yake ingelazimu familia kuuza kiwanja cha urithi huko Mokowe. Mumewe alikuwa tayari kuuza.

Alikwenda kwanza kwa ustadhi wao kuuliza kama inaruhusiwa. Ustadhi akamjibu kuwa yeye haoni tatizo mtu kutibiwa kwa chembe za mwili wake mwenyewe, kisha akauliza: je, imethibitika kuwa inaponya? Mume akatuletea swali lile lile kliniki. Kusema kweli, lilikuwa swali bora kuliko mengi ninayosikia kwenye semina.

Tulikaa na wote wawili tukawaeleza kilichopo. Jaribio linalotajwa zaidi lilifanyika Hispania, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016. Wanawake 16, 11 kati yao wakiwa na ugonjwa wa Asherman, walichomwa dawa ya kuzisukuma seli za uboho ziingie kwenye damu. Seli za aina moja maalumu zikachujwa, zikapelekwa kwa katheta, yaani mrija mwembamba, hadi kwenye mishipa midogo inayolisha mfuko wa uzazi. Hedhi zilirejea au kuongezeka, lakini zikaanza kufifia tena ndani ya miezi sita. Watatu walishika mimba wenyewe. Kulikuwa na mimba nyingine saba baada ya kupandikizwa viinitete (mimba changa zilizotungishwa maabara) mara 14, na nyingi kati ya hizo saba hazikudumu. Wakati wa kuchapisha, watoto waliokwisha kuzaliwa kutoka kundi zima walikuwa wawili, na mimba mbili zilikuwa zinaendelea. Wanawake wote walipewa homoni pia, na hapakuwa na kundi la kulinganisha lililopewa homoni peke yake.

China nako walipandikiza seli za kitovu cha mtoto mchanga zikiwa zimebebwa na kitambaa chembamba cha kolajeni, kwa wanawake 26 ambao makovu yao yalikuwa yamerudi tena na tena. Kumi walishika mimba, na wanane walijifungua. Ni habari njema, lakini jaribio lile lilikuwa la hatua ya kwanza, la kuangalia usalama, na kila mwanamke alikatwa makovu kwanza.

Halafu tukaiandikia kliniki ile kwa jina la mgonjwa. Seli ni za aina gani, na zinapimwaje kabla ya kurudishwa mwilini? Zikiingia kwa mshipa wa mkononi, zinafikaje kizazini? Ni jaribio lililosajiliwa au ni huduma ya kuuzwa? Walijibu kwa orodha ya magonjwa mengine wanayotibu kwa dripu hiyo hiyo: kisukari, magoti, usonji. Kuhusu makovu yaliyokuwa yameziba nafasi, hawakusema neno.

Uamuzi na sababu zake

Kilichotuamulia ni yale maumivu ambayo hayakuandikwa kwenye kadi.

Mwanamke ambaye tabaka yake ya chini imekwisha kabisa kwa kawaida haumwi kila mwezi, maana hakuna kinachoota wala kinachoporomoka. Bi M. alikuwa anaumwa kwa ratiba. Ukichanganya na kile kifuko cheusi kwenye ultrasaundi, maana yake ni moja: pembeni juu kushoto palikuwa na kisehemu cha utando hai kilichoendelea kufuata homoni, kikamwaga damu isiyokuwa na pa kutokea. Seli shina zake zilikuwepo, zimefungiwa. Alichohitaji kwanza ni kufunguliwa, na hakuna dripu inayokata kovu.

Kwa hiyo tulipendekeza hisiteroskopia, yaani kuingia kwa kamera nyembamba kupitia mlango wa kizazi na kukata makovu huku daktari akiyaona. Tulimpa rufaa kwenda Mombasa kwa daktari mwenye uzoefu wa kazi hiyo. Tuliomba mambo mawili kwa maandishi. Moja, akate kwa mkasi mdogo baridi pale inapowezekana badala ya umeme, ili joto lisichome utando kidogo uliosalia. Pili, apeleke kipande maabara kutafuta kifua kikuu, maana katika nchi kama yetu ugonjwa huo unaweza kushambulia mfuko wa uzazi kimyakimya na kuacha picha inayofanana na hii. Historia ya kukwanguliwa isitupumbaze.

Kiwanja cha Mokowe hakikuuzwa.

Matokeo

Kamera ilikuta makovu mazito katikati, na juu kushoto kisiwa cha utando wa rangi ya waridi chenye damu nzee. Makovu yalikatwa. Kifua kikuu hakikuonekana. Aliwekewa puto dogo la kutenganisha kuta kwa siku kadhaa, kisha akaanza estrojeni kwa wiki kadhaa, na projesteroni mwishoni. Ramadhani iliingia katikati ya dozi, na alitaka kufunga. Tukazigawa dozi wakati wa futari na wakati wa daku, naye hakuruka hata moja. Nalitaja kwa sababu nimewaona wengine wakiacha dawa kimya kwa kuwa hakuna aliyewauliza.

Damu ilitoka alipomaliza. Kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, alikuwa na siku za kulipa.

Baada ya miezi miwili kamera ilirudishwa, kama ilivyopangwa. Kuta zilikuwa zimeanza kushikana tena upande wa kulia, kwa utepe mwepesi uliokatika kwa urahisi. Kwa makovu makali kurudi huku ni kawaida, na ndiyo sababu ya kuangalia mara ya pili badala ya kumwambia mgonjwa aende akajaribu bahati yake. Kuanzia hapo hedhi ilikaa siku mbili hadi tatu, nyepesi kuliko zamani. Utando ulifika milimita 6 na haukupanda zaidi, hata kwa estrojeni ya ziada. Madaktari wengi hupenda kuona 7, ingawa mimba hutunga hata chini ya hapo.

Karibu mwaka mmoja baadaye alishika mimba mwenyewe. Wiki ya tisa moyo wa kijusi ulisimama. Mimba nyingi zinazoharibika mapema huharibika kwa hitilafu za kromosomu, nyuzi za urithi ndani ya seli, hata kwa kizazi ambacho hakijawahi kuguswa, na tulimwambia hivyo.

Usiku ule alikuwa kisiwani, anatoka damu, na kituo cha karibu kilitaka kumsafisha. Bi M. alikuwa na barua yetu mkobani. Ilieleza kovu lililokatwa, ikaomba asikwanguliwe kwa kijiko: kama hali yake ni tulivu apewe misoprostoli, vidonge vinavyousaidia mfuko kujisafisha, na ikilazimu kutoa kwa chombo, itumike pampu ya kunyonya, kwa wepesi, huku ultrasaundi ikiangalia. Muuguzi wa zamu aliisoma, akapiga simu Malindi, akampa vidonge. Mfuko ulijisafisha wenyewe. Baada ya wiki tano hedhi ikarudi, siku zile zile mbili hadi tatu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi katika kisa hiki kilitokea nje ya chumba cha upasuaji: mavyaa aliyehesabu deni la saumu, na muuguzi aliyekubali kupiga simu usiku. Upasuaji wenyewe ulifanikiwa nusu. Ulirudisha njia, lakini haukurudisha utando wote, na milimita 6 inatuonyesha kiasi cha tabaka ya chini kilichopotea kwenye ule mkwanguo wa kwanza. Hicho hakuna anayejua bado kukirudisha kwa uhakika.

Kilichoharibika ni muda. Vidonge vya uzazi visivyoleta damu ni kipimo, na kipimo kile kilitoa jibu mapema: homoni zimetolewa, utando haukuitikia, basi tatizo liko kwenye mfuko au kwenye njia. Aliyeviandika alivitoa kama tiba, na visipofanya kazi akaandika tena vile vile. Kosa la kumwambia amekoma hedhi lilikuwa zito zaidi, kwa sababu liliifunga faili. Mwanamke wa umri ule asiyeona damu, aliyewahi kusafishwa kizazi, na anayeumwa kila mwezi, apelekwe ultrasaundi na eksirei ya mfuko kabla ya kuambiwa lolote kuhusu majaliwa.

Kuhusu kijiko, Shirika la Afya Duniani limeshauri kwa miaka mingi kwamba mimba iliyoharibika mapema ishughulikiwe kwa vidonge au kwa pampu, na kukwangua kwa chuma kuachwe. Mabaki ya kondo wiki kadhaa baada ya kuzaa ni kazi ngumu kuliko hiyo, na si kila kituo kina pampu iliyo tayari saa tisa ya usiku. Lakini pale kijiko kinapotumika kwa sababu hakuna kingine, tarehe iandikwe na mama aambiwe: hedhi isiporudi miezi michache baada ya kumwachisha mtoto, arudi. Bi M. hakuambiwa.

Sasa seli shina zenyewe. Sitaki kisa hiki kisomwe kama hoja dhidi yake. Kuna mwanamke wa pili ninayemfikiria, asiye na maumivu yoyote, ambaye kamera itaingia ikute kovu kutoka pembe hadi pembe bila hata kisiwa kimoja cha utando. Huyo makasi hayana cha kumfungulia, na kwake utafiti wa Hispania na China ndio mlango pekee unaoonekana kwa mbali. Hapa Kenya hakuna tiba ya namna hiyo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida, na kwingineko pia haijawa tiba ya kawaida. Anayeitaka aitafute kama mshiriki wa jaribio lililosajiliwa, lenye kamati ya maadili, asilolipia. Akiambiwa alipe kwanza, na dripu ile ile inatibu magoti, ana jibu lake.

Bi M. anajaribu tena. Anajua kwamba mimba ijayo kondo linaweza kujishika kwenye kovu na kugoma kutoka, kwa hiyo kujifungulia kisiwani na kutegemea mashua usiku hakumo kwenye mpango. Atahamia kwa ndugu Mombasa mapema, karibu na hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji. Kaka yake ametuma tangazo jingine. Barua yake tumeiandika upya, upande mmoja Kiswahili na upande mmoja Kiingereza, na nakala ya pili anayo mavyaa.